Oili Iliyopanda

Oili ya gari hupungua. Huvuja, huungua, hupitia kwenye ringi zilizochoka, na mwenye gari huja kwangu akilalamika kuwa gari lake linakula oili kuliko petroli. Hayo nimeyazoea. Lakini oili kuongezeka yenyewe ndani ya injini, bila mtu kumimina hata tone, hilo ni jambo la kukufanya uweke kikombe cha chai chini. Na wenye magari hufurahi, ndilo linaloniudhi. Shemeji yangu alifurahi. Aliingia gereji kwangu asubuhi, akasimamisha gari juu ya shimo, akashuka akitabasamu na kuniambia kuwa tangu nilifanyie sevisi gari lake halili oili kabisa, tena linajiongezea lenyewe, labda nimelibariki.

Nikamwambia afungue boneti kabla sijambariki na yeye kwa spana.

Utani huo ni wetu wa siku zote. Yeye ni mume wa mdogo wangu, mtu mpole, anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji na vidole vyake havitoki wino. Mimi ndiye dada mkubwa na ndiye fundi. Gereji nimeirithi kwa baba, na mdomo huu pia nimeurithi kwake. Mdogo wangu alipotuletea huyu bwana nyumbani nilisema huyu ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Tukambandika jina la Bwana Samahani, na hata mama alikuwa akimwita hivyo akiwa na furaha. Siku hizo ninazosimulia furaha ya mama ilikuwa adimu.

Ilikuwa adimu kwa sababu mdogo wangu alikuwa mgonjwa. Mapafu yake yalikuwa yamechakaa, madaktari walishatuambia hayaponi, na kilichobaki ni kumsaidia kupumua. Walimpa mashine ya oksijeni ya kuweka nyumbani, ile inayovuta hewa ya chumbani, inaichuja, halafu inampelekea mgonjwa puani kwa mpira mwembamba. Haina mtungi wala akiba yoyote. Umeme ukiwepo inafanya kazi, umeme usipokuwepo ni stuli tu. Mama alitaka mgonjwa ahamie kwake, upande wetu wa mji, ambako umeme haukatiki ovyo na hospitali iko karibu. Mdogo wangu akakataa katakata, akasema anabaki kwa mumewe. Walivutana mpaka mama akakubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: siku umeme wa kule ukianza matata, anakwenda kumchukua mwanawe, na asitokee mtu wa kumbishia. Mimi nikapewa kazi ya kuwa macho ya mama. Nilikuwa nikipiga simu, naambiwa umeme upo, nami namwambia mama upo. Jumapili nikienda kuwaona, naukuta upo kweli.

Basi nikachomoa stiki ya kupimia oili, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu na kwenda zake. Kwanza nikafikiria maji, maana maji ya redieta yakiingia kwenye oili nayo huipandisha. Lakini oili iliyoingia maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kuacha utando chini ya kifuniko. Hii ilikuwa nyeusi, tena nyepesi, inachuruzika kwenye stiki bila kushika. Nikaisugua kwa vidole, haikuwa na ule uzito wa oili. Nikainusa, ikanipiga harufu ya petroli. Nikachana kipande cha boksi, nikadondosha tone lake, na kando yake tone la oili mpya. Ile mpya ilitulia pale pale ilipoangukia. Ile yake ikatambaa pande zote, ikaacha doa jeusi katikati na duara hafifu lililozidi kupanuka huku tunaitazama.

"Shemeji," nikamwambia, "hii si baraka. Una petroli kwenye tangi na petroli kwenye oili."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Vyuma vilivyo ndani ya injini vinazunguka bila kugusana kwa sababu ya utando wa oili uliopo katikati yao. Petroli ikiingia, utando unakuwa mwepesi, vyuma vinakutana na kusagana, injini inaanza kugonga, na mwisho wa yote inakwama. Tabasamu likamtoka. Nilidhani ataniuliza ni bei gani, kila mtu huuliza hivyo. Yeye akauliza kama injini inaweza kufa ikiwa inawaka, ghafla, bila kutoa dalili. Nikasema inaweza. Akafuta viganja kwenye suruali, akaomba nimalize kabla ya adhuhuri. Nikamwuliza anakimbilia wapi. Akasema kazini tu, anakwenda na kurudi, hana safari nyingine.

Petroli ina njia chache za kuingia kwenye oili. Ya kwanza ni nozeli inayodondosha petroli wakati haitakiwi, basi nikazichomoa zote nikazipima. Zilirusha vizuri na kufunga vizuri. Thamostati, ile inayosaidia injini ipate joto lake, niliichemsha kwenye sufuria, ikafunguka kama inavyotakiwa. Ringi zilikuwa nzima. Plagi tu ndizo zilikuwa na masizi, zote, kama plagi za injini isiyopata moto wa kutosha. Nikakaa juu ya tairi nikiwa nimekasirika, maana sipendi injini nzima iniumbue. Kama hakuna kilichoharibika, basi anayeharibu ni mtumiaji.

Ndipo nikaangalia kilomita kwenye dashibodi. Siku nilipomfanyia sevisi namba zote zilikuwa tatu, tatu tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na tulicheka sana. Mdogo wangu kwenye simu alitaka zipigwe picha. Sasa zile tatu zilikuwa karibu zote bado zipo mahali pake. Gari lilikuwa halijatembea hata mwendo wa mtu mvivu. Lakini oili ilikuwa imechoka kuliko ya teksi, na petroli alikuwa ananunua, nilishamwona kituoni amebeba madumu.

Kwa hiyo injini inawaka na gari haliendi. Hilo ndilo jibu, na mtu yeyote wa kazi hii angelifikia. Injini iliyoachwa inanguruma kwa saa nyingi gari likiwa limesimama haipati joto la kuunguza petroli yote, na ile isiyoungua inateremka kidogo kidogo kwenye kuta za silinda mpaka chini kwenye oili. Gari linahitaji kukimbia ili lichemke na kuitoa hiyo petroli kwa mvuke. La kwake lilikuwa halikimbii.

Sasa niambie wewe. Mwanamume gani anakaa ndani ya gari lililosimama, injini inanguruma, saa nzima nzima, halafu anaulizwa anadanganya? Mimi nimekaa na magari na wenye magari miaka mingi, na akili yangu ilikwenda mahali pamoja tu. Nimeshaokota hereni chini ya viti, nikampa mke wa mwenye gari, akanirudishia akisema si zake. Nikamwona akilini huyu mpole wetu ameegesha pembeni mwa barabara fulani, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza, na mwanamke mwenye mapafu mazima anacheka kando yake. Mdogo wangu yuko kitandani na mpira puani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni. Nikamwaga oili ile, nikatia mpya na filta mpya, nikamrudishia ufunguo huku namchekea. Sikumwambia neno, maana mwizi hapigiwi hodi.

Kesho yake nilifunga gereji mapema, nikachukua bodaboda mpaka kiwandani kwao nimkute anapotoka. Kwenye mkoba nilikuwa na spana namba kubwa, na sisemi nilikusudia kuifanyia nini. Mlinzi akaniambia huyo bwana hatoki jioni siku hizi, ameomba zamu ya asubuhi peke yake na kukatwa mshahara, adhuhuri anaondoka mbio. Damu ikanichemka. Nikaenda mtaani kwao, nikimpangia matusi njiani, makubwa mbele, madogo nyuma.

Mtaa ule una karakana nyingi, za kuchomelea vyuma, za mbao, za kusaga. Siku hiyo zote zilikuwa kimya na mafundi wamekaa nje wakipiga soga. Sikulitilia hilo maanani. Nilichokisikia ni injini, na injini niliyoifunga kwa mikono yangu naijua hata nikiwa usingizini. Gari lilikuwa uani kwake, pua imeelekea ukuta chini ya dirisha la chumba cha kulala, eksozi imeelekea getini na moshi wake unanipiga miguuni. Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Boneti ilikuwa imeachwa wazi kidogo, imezuiwa na kipande cha mti. Nyaya mbili nene zilitoka kwenye betri zikaingia kwenye kiboksi cha inveta kilichowekwa juu ya kigoda, kile kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na kutoka hapo waya mmoja ulipanda ukutani ukaingia dirishani.

Nilisimama pale. Matusi yote niliyoyapanga hayakuwa na kazi tena, na nilijisikia vibaya sana.

Ndani, mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito, mashine inavuma kando yake. Mumewe alikuwa amepiga magoti sakafuni anamkata kucha za miguu. Alivyoniona tu, mdogo wangu hakunisalimu.

"Usimwambie mama," akasema.

Shemeji akaanza kuomba samahani, nikamwambia anyamaze, si zamu yake. Nilitaka maelezo kwa mgonjwa mwenyewe. Akanipa, akipumzika kati ya maneno. Transfoma ya mtaa ilikuwa imechoka, karakana zote zikifanya kazi inazidiwa, kila siku ya kazi kuanzia mchana inazima na kurudi ikijisikia. Jumapili karakana zinafungwa, ndiyo maana mimi nikija naukuta umeme. Mumewe akaazima inveta kwa rafiki. Nikauliza kwa nini hawakuniambia mimi, hata mimi. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukasubiri kipite. Akasema kuniambia mimi ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

Nikamwuliza kwa mama kuna ubaya gani. Hospitali karibu, umeme upo, mama mwenyewe yuko.

"Dada, kwa mama nitakuwa maiti inayopumua," akasema. "Watakaa pembeni ya kitanda wananitazama mpaka nife. Hapa mimi ni mke wa mtu. Jana nimegombana na huyu kwa sababu ya chumvi."

Bwana Samahani akasema chumvi ilikuwa ya kutosha. Mdogo wangu akasema unaona.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, na kumbe nilikuwa sisikilizi mazungumzo tena, nasikiliza injini huko nje, jinsi inavyojikaza mashine inapovuta umeme na kulegea inapopumzika. Asubuhi nzima ya jana nilikuwa nimeupima uhai wa injini ile bila kujua napima uhai wa nani. Nikatoka nje, nikapandisha kidogo mzunguko wa injini ili isinyongeke, nikakaza nyaya za betri. Nikamfundisha shemeji: umeme ukirudi tu, nipigie, nitakuja kukaa na mgonjwa, na wewe utalitoa gari barabara kuu ulikimbize mpaka lichemke kabisa. Na oili nitaibadilisha mimi mwenyewe, hapa hapa uani, kabla haijapanda.

Jioni hiyo mama akanipigia kuuliza hali, kisha akauliza umeme. Nikamwambia upo. Tangu utotoni nikimdanganya mama sauti hunitetemeka, lakini siku hiyo haikutetemeka.

Ndivyo tulivyoishi. Wateja wangu walinilalamikia kuwa nimekuwa mtu wa kutoonekana, na walikuwa na haki. Nilijua nyumba ile kwa oili yake. Stiki ikionyesha imepanda sana, najua juma hilo lilikuwa baya, umeme haukukaa. Nilikuwa nainusa kabla ya kuingia ndani kumsalimia mgonjwa, na mdogo wangu alikuwa ananiuliza kwa dirisha, daktari, hali yake vipi huyo mwenzangu? Namjibu anakula vizuri, ana tumbo kubwa. Anacheka kidogo, maana kucheka sana kulikuwa kunamgharimu.

Siku moja injini ikaanza kugonga. Sauti ndogo, ya mbali, ya chuma kinachotafuta mwenzake. Niliweka bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni, nikasikiliza. Beringi, zile zinazobeba mhimili wa injini, zilikuwa zimeanza kulika. Zimeliwa na ile petroli ya mwanzo, kabla sijajua, na kitu kilicholika hakirudi. Ukiwa gereji unasema zima, ibebwe, ifunguliwe yote. Pale nilimtazama shemeji, shemeji akanitazama, na juu yetu waya umeingia dirishani. Sikumwambia azime. Nilitia oili nzito kuliko inayoruhusiwa, mambo ambayo nimeshamfukuza fundi wangu kazi kwa kuyafanya, nikaiombea injini kwa Mungu. Mimi, ambaye nimezika injini nyingi bila kutoa chozi, niliiomba ile isife mbele ya mdogo wangu.

Ikanisikia. Mdogo wangu ndiye aliyetangulia.

Na alitangulia siku ambayo umeme ulikuwepo. Hilo ndilo linalomsumbua mumewe, na mimi pia. Ilikuwa mchana, karakana zinafanya kazi, transfoma kwa siku hiyo moja haijazidiwa, gari limezimwa uani. Shemeji alikuwa jikoni anapasha maji ya kumwogesha. Aliporudi na beseni, mashine ilikuwa inavuma kama kawaida, inapeleka hewa kwenye pua ambayo haivuti. Hapakuwa na kitu cha kulaumu wala kitu cha kukimbilia kuwasha. Mimi nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni na mashine bado inavuma. Hakuweza kuizima. Nikaizima mimi ukutani.

Siku ya mazishi, watu wamejaa nyumbani, umeme ukakatika. Mafundi wa mtaa walikuwa wamezoea, wala hawakugeuka. Mama akatazama taa, akatazama feni inavyosimama polepole, akanitazama mimi.

"Kumbe ndivyo ilivyokuwa," akasema.

"Ndivyo, mama."

"Na wewe ulijua."

Nikasema nilijua. Hakupiga kelele wala hakunitukana, na ningependa angefanya hivyo. Aliinuka akaenda kukaa na wanawake wengine. Mpaka leo nikienda kwake chai ananipa, na kiti ananipa, lakini haniulizi swali lolote. Hata hali ya hewa haniulizi.

Mashine niliirudisha hospitali mwenyewe. Inveta ikarudi kwa mwenyewe. Baada ya hapo, kama mambo yanavyopenda kukuchezea, mtaa ule ukaletewa transfoma mpya, kubwa, na watu wakasahau kuwa umeme uliwahi kukatika. Gari la shemeji nilitaka kulifungua injini nibadilishe beringi, akawa anasema nitalileta, nitalileta. Amerudi kazini zamu nzima. Tukikutana ananisalimia kwa adabu zake zile zile, ila amekonda.

Juma lililopita akalileta. Hakutabasamu, wala mimi sikutania. Nilifungua boneti, nikachomoa stiki, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena.

Oili ilikuwa imepanda. Imepita alama ya juu, nyepesi, inachuruzika. Nikainusa, na sikuwa na haja ya kuinusa. Nikachungulia dashibodi, kilomita zilikuwa karibu zile zile nilizoziacha siku ya mwisho niliyoibadilisha oili pale uani. Yeye alikuwa anatazama vidole vyake vyenye wino.

"Umeme kwenu upo?" nikamwuliza.

"Upo."

"Haukatiki?"

"Haukatiki, shemeji."

Niliendelea kuifuta stiki, ingawa ilishakuwa safi zamani. Nilitaka nimwambie kuwa beringi zile hazina siku nyingi, kwamba akiendelea hivi siku moja itakwama na haitawaka tena. Nadhani alijua.

"Nikilizima silali," akasema. "Naliweka pale dirishani, naliwasha, ndiyo usingizi unakuja." Akanikabidhi ufunguo. "Usimwambie mama."

Nikamwambia simwambii. Nikateremka shimoni, nikalegeza nati ya chini, oili ikaanza kumwagika kwenye beseni, nyepesi kama maji. Nilikaa huko chini mpaka likadondoka tone la mwisho, na hata baada ya hapo nilikaa, maana sikutaka anione nalia.